Hodi ya Angani: Frank Drake na Tatizo la Msimbo

Makala haya yanaitazama kazi ya mwanafalaki Mmarekani Frank Drake (1930–2022), aliyetumia umri wake kutafuta dalili za viumbe wenye akili nje ya dunia, kwa jicho la mwanafunzi wa lugha.

Mgeni afikapo mlangoni Chundwa, kisiwani Pate, hubisha hodi kabla ya kutaja jina au haja yake. Hodi haibebi habari. Huuliza tu kama kuna asikiaye. Katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1960, Roman Jakobson aliitambua dhima hii ya lugha: kufungua njia ya mawasiliano. Mwaka huo huo, huko Green Bank, Drake alizielekezea nyota Tau Ceti na Epsilon Eridani darubini ya redio. Alisikiliza kwenye megahezi 1420, masafa ya haidrojeni, kwa kuwa mjuzi yeyote, popote alipo, angeyafahamu. Alisubiri hodi, si hotuba. Haikuja.

Mwaka 1974 aligeuka msemaji. Kutoka Arecibo, Puerto Rico, zilirushwa tarakimu 1679 za sifuri na moja kuelekea kundi la nyota M13, umbali wa miaka ya nuru ipatayo 25,000. Idadi hiyo ni zao la namba tasa 23 na 73. Mpokeaji akiipanga hivyo, hupata picha. Ni fumbo maridadi, lakini kila mfasiri wa mafumbo anajua kwamba fumbo hutegemea utamaduni wa pamoja. Je, mpokeaji ana macho? Anajua picha ni nini? Hapa, kwa maoni yangu, hesabu ilipewa mzigo wa lugha.

Drake alishiriki pia, pamoja na Carl Sagan, kuandaa santuri ya dhahabu iliyobebwa na vyombo vya Voyager mwaka 1977. Mna salamu za lugha 55, zikiwamo Kiganda na Kinyanja, na wimbo wa Wambuti wa Ituri. Kiswahili, kilichokuwa tayari kikizungumzwa bungeni Dodoma? La, Dar es Salaam wakati huo, na Nairobi pia, hakimo. Huko angani pengo hili si kitu, maana Kiganda nacho hakitaeleweka. Linatuhusu sisi tuliobaki, kwani santuri ile ni picha ya wanadamu iliyochorwa na wanadamu.

Wasemaji hawakuandikiwa maneno. Kila mmoja alijichagulia salamu yake. Mzaliwa wa Chundwa angaliweza kubisha hodi kwa Kitikuu chake, bila kusubiri idhini ya Sanifu.