Stempu za Wanyama na Safari za Anga: Yachunguze Haya Kabla ya Kununua

Tarehe 3 Novemba 1957, Umoja wa Kisovieti ulimrusha mbwa Laika angani katika chombo cha Sputnik 2. Hakurejea akiwa hai, lakini mwaka huohuo Romania ilitoa stempu yenye sura yake. Mwaka 1960 mbwa Belka na Strelka walirudi duniani salama, nao wakachapwa kwenye stempu za nchi yao. Wanyama na anga ni mada zinazopendwa na wakusanyaji wengi, na kwa sababu hiyo huwavutia pia walaghai.

Stempu si picha nzuri tu. Ni uthibitisho kwamba gharama ya kupeleka barua imelipwa, na hutolewa kwa idhini ya mamlaka ya posta ya nchi husika. Wapo wachapishaji wanaoandika jina la nchi juu ya picha ya simba au roketi bila idhini hiyo. Karatasi ya namna hiyo haina uhalali wa kupeleka barua, na mkusanyaji makini hataikubali. Umoja wa Posta Duniani (UPU) hutoa maonyo kuhusu stempu hizo, zikiwemo zenye majina ya nchi za Afrika.

Tunawashauri wanunuzi wafanye yafuatayo:

1. Itafute stempu katika orodha ya WNS ya UPU, iliyoanza mwaka 2002. Kila stempu iliyosajiliwa ina namba yake. Si nchi zote zinazosajili. Kwa hiyo, usipoiona, uliza posta ya nchi hiyo. Kwa stempu za zamani, tumia katalogi inayotambulika.

2. Kagua meno ya pembeni, rangi na gundi. Stempu yenye muhuri lakini gundi yake ni kamili huenda haikusafiri na barua yoyote. Mara nyingi thamani yake ni ndogo.

3. Usidhani kuwa bei ya katalogi ndiyo utakayolipwa ukiuza. Jihadhari na muuzaji anayeahidi faida ya hakika.

4. Dai stakabadhi inayotaja nchi, mwaka na hali ya stempu. Bila hiyo, malalamiko yako yatakosa ushahidi.

Anayeanza hahitaji fedha nyingi. Bahasha za barua zilizopokewa nyumbani zinatosha kumfundisha jicho lake kabla hajafungua mkoba.