Burashi Isiguse Kinywa: Somo la Kupaka Rangi Motokari Ndogo ya Vita



Kazi ikiisha, watu wengine hupiga mpira, wengine hulima bustani. Wako pia wanaokaa mezani na kuunda motokari ndogo za mfano, zaidi zile za vita: tanki, kamyo, jeep. Zinauzwa katika sanduku, vipande vya plastiki vikiwa havijaungwa wala kupakwa rangi. Watoto wetu nao huunda motokari zao kwa nyuzi za chuma na mikebe, kisha huzipaka rangi yoyote wanayoipata.

Ni kazi nzuri. Inafundisha mkono kutulia na jicho kuona. Lakini rangi, gundi na dawa ya kulainisha rangi hazijui kama uko kazini ao nyumbani. Kazini kapita anatukumbusha maski na miwani. Mezani kwako, kapita ni wewe mwenyewe. Basi leo tujifunze mambo mawili pamoja: namna ya kupaka jeep ndogo ipendeze, na namna ya kulinda mwili.

1. Kuijua jeep yenyewe

Jeep ya jeshi la Marekani ilitengenezwa kutoka mwaka 1941 mpaka 1945 na viwanda vya Willys na Ford, na hesabu yake ilipita 600.000. Urefu wake ni karibu metre 3 na santimetre 36. Mfano unaopendwa sana ni wa kipimo cha 1/35, maana yake kila kitu kimepunguzwa mara 35. Gawanya, utaona jeep yako ina urefu wa milimetre 96 tu: inalala katika kiganja cha mkono. Kumbuka kipimo hiki, kwa sababu makosa mengi ya wapaka rangi yanatokana na kukisahau.

2. Kukata na kusugua

Vipande vikate kwa kisu kikali, ukisukuma makali mbali na vidole vyako. Kisu butu ndicho kinachoteleza na kujeruhi. Osha vipande kwa maji na sabuni, viache vikauke, maana rangi haishiki mahali penye mafuta.

Ukitaka kulainisha mahali palipounganishwa, tumia karatasi ya msasa iliyolowa maji. Sababu yake wachimbaji wanaijua. Shimoni mashine ya kutoboa mwamba hupewa maji ili mavumbi yasiruke na kuingia mapafuni. Mavumbi ya plastiki si mavumbi ya jiwe, lakini mapafu ni yale yale. Ukimaliza, pangusa meza kwa kitambaa chenye maji. Usipulize kwa mdomo.

3. Rangi ya kwanza na hewa ya nyumba

Rangi ya kwanza ni ya kushikisha zile zitakazofuata. Ipake nyepesi, mara mbili, kuliko nzito mara moja; rangi nzito inafunika misumari na mistari midogo.

Hapa kuna hatari mbili. Ya kwanza ni mvuke. Rangi za mafuta, na zile za kupuliza, zina dawa inayokauka upesi na kuruka hewani. Ukiivuta katika chumba kilichofungwa, kichwa kinauma, macho yanawasha, unasikia kizunguzungu. Hiyo ni alama: acha kazi, toka nje. Wengi hufikiri maski ya mavumbi inatosha. Haitoshi! Maski ile inazuia chembe, haizuii mvuke. Mvuke unazuiwa na maski yenye chujio la makala maalumu. Kama huna, pulizia rangi nje, upepo ukiwa mgongoni kwako. Ao chagua rangi za maji, ambazo mvuke wake ni kidogo. Lakini hata hizo, ukizipulizia, ukungu wake usiuvute.

Hatari ya pili ni moto. Watu wengine hulainisha rangi kwa esanse ya motokari, kwa sababu ni rahisi kupatikana. Usifanye hivyo kamwe. Esanse ina benzini, ambayo inaharibu damu. Tena mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa: unashuka, unatambaa chini kama maji, unafika kwenye mbabula iliyo chumba cha pili, ambako mama anapika bukari. Moto unarudi kwa njia ile ile. Hata dawa ya kulainisha rangi inayouzwa dukani iwekwe mbali na mbabula, taa na sigara.

4. Rangi ya mzeituni

Rangi ya jeep za vita ni kijani cha mzeituni kisichong'aa. Jambo la kushangaza: inaweza kupatikana pasipo kijani hata kidogo. Changanya manjano ya udongo na nyeusi, utaona kijani kinazaliwa.

Sasa kumbuka kipimo. Kitu kidogo kinaonekana cheusi kuliko kikubwa, hata kama rangi ni moja. Kwa hiyo ongeza nyeupe ao manjano kidogo. Vilevile matairi usiyapake nyeusi tupu. Mpira uliotembea barabarani ni wa kijivu cheusi.

5. Vitu vidogo, na habari ya kuhuzunisha

Mbele ya dereva kuna saa za kuonyesha mwendo na esanse. Katika kipimo cha 1/35, saa kubwa ni kama kichwa cha kijiti cha kiberiti. Ndani yake utie alama nyeupe. Nywele za burashi zimetawanyika, unataka ncha kali. Basi mkono unapeleka burashi mdomoni. Hapo ndipo tunakuambia: simama!

Kutoka mwaka 1917, katika viwanda vya Marekani, wasichana waliajiriwa kupaka namba za saa na za vyombo vya jeshi kwa rangi yenye radium, ili zionekane gizani. Walifundishwa kunyoosha ncha ya burashi kwa midomo. Waliambiwa haina ubaya. Kila mara walimeza kidogo tu. Lakini mwili hudanganyika: unaiona radium kama chokaa ya kujenga mifupa, na kuiweka ndani ya mifupa. Meno yakaanguka, mifupa ya taya ikaoza, damu ikapunguka, wengine wakashikwa na kansa ya mifupa. Wengi walikufa wakiwa vijana. Mwaka 1928 wanawake 5 wa New Jersey, wagonjwa sana, walimaliza mashitaka yao na kampuni kwa kulipwa. Wafanya kazi wengi duniani walipata ulinzi kwa sababu ya wanawake hao.

Habari hii si ya mbali nasi. Radium inatoka katika mawe ya uranium. Mawe ya Shinkolobwe, hapa Katanga, yalipelekwa Olen, Ubelgiji, na kutoka mwaka 1922 radium yake ikaanza kutolewa huko. Miaka mingi radium ya Katanga iliuzwa duniani kote.

Rangi ya mezani kwako haina radium. Lakini rangi nyingine za manjano na nyekundu zina kadmium ao risasi, na mwili hauna kazi nazo. Somo la wale wasichana ni hili: kidogo kila siku si kidogo. Ncha ya burashi inyooshwe kwa vidole vyenye glovu ao juu ya kitambaa chenye maji. Burashi isiguse kinywa. Wala usile, usivute sigara penye rangi. Na kikombe cha chai kisikae karibu na kikombe cha kusafishia burashi.

6. Matope na uchakavu

Jeep ya vita haikuzeeka miaka 30; nyingine zilitumika miezi michache tu. Basi usiijaze kutu mwili mzima. Angalia mahali buti la dereva linapopita, mahali mkono unaposhika: hapo rangi inachubuka. Kutu iwe kwenye bomba la moshi. Rangi nyeusi iliyolainishwa sana itie katika mistari ili kivuli kionekane. Matope yaanze kwenye magurudumu na chini, yapungue kadiri unavyopanda. Ukitumia unga wa rangi kwa mavumbi, ubandike kwa burashi, usiupulize.

7. Watoto

Mtoto asipake motokari yake rangi iliyobaki ya kazi. Rangi za zamani za kuzuia kutu ya chuma, zaidi ile nyekundu, nyingi zilikuwa na risasi, ile madini iliyo ndani ya batri. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto pasipo kelele: anakuwa mzito wa kujifunza, na hakuna dawa ya kurudisha alichopoteza. Shirika la Afya la Dunia linasema hakuna kiasi cha risasi kisicho na hatari. Mtoto apewe rangi za maji za shule, na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Chupa ya dawa isiwe chupa ya limonadi. Ifungwe na kuwekwa juu. Kama mtoto amekunywa dawa ya rangi, usimtapishe, kwa maana itaingia mapafuni. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe.

Maulizo ya kujijaribu nyumbani

1. Sababu gani msasa unalowa maji?
2. Maski ya mavumbi inazuia nini, na haizuii nini?
3. Mvuke wa esanse unapita wapi?
4. Wale wasichana walinyoosha burashi namna gani? Wewe utainyoosha namna gani?

Baba na amuulize mtoto, naye mtoto amuulize baba. Atakayeshindwa, asome tena kabla ya kufungua rangi.