SOMO LA MWEZI: JE, KINAMASI KITAKULA SUMU?



Katika mkutano wa tawi hapa Naguru, ndugu mmoja anayefanya kazi ya vyuma alisimama akauliza swali. Alisema kazini kwake dawa ya kuondolea grisi ikisha kuchafuka humwagwa mtaroni. Walipolalamika, msimamizi aliwajibu: "Msiwe na wasiwasi. Kule kinamasini mna vijidudu, vitaila yote." Wengine walicheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu hatukuwa na jibu. Ikatubidi tuwaulize wenye elimu mpaka tukaelewa. Leo tunawaletea tuliyojifunza.

Kwanza, sumu yenyewe

Dawa nyingi za kazini zina klorini ndani yake. Perkloroethilini huondoa grisi katika vyuma na husafisha nguo bila maji. Trikloroethilini ni ndugu yake. Huko mashambani, DDT, lindeni na dieldrini nazo ni za ukoo wa klorini. Ukoo huu hauozi upesi. Tena perkloroethilini ni nzito kuliko maji. Ikimwagwa huzama ardhini, na yaweza kuyafikia maji ya chini tunayoyachota kwenye chemchemi.

Pili, msimamizi alisema nusu ya ukweli

Vijidudu hivyo vipo duniani. Mwaka 1997 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walitangaza habari za bakteria waliyempata katika tope la maji machafu ya mji wa Ithaca. Sasa anaitwa Dehalococcoides mccartyi. Huyu hawezi kuishi penye hewa kama sisi. Sisi huvuta oksijeni. Yeye hutumia sumu ya klorini mahali pa oksijeni. Perkloroethilini ina klorini nne. Yeye huikata ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mwisho ya nne. Kinachobaki ni ethilini, gesi ile ile ambayo ndizi huitoa zikiiva.

Tatu, karani wa stoo

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Ndani ya kila kiumbe mna jeni. Hizo ni maagizo ya kutengenezea vifaa vya mwili. Mwaka 2005 maagizo yote ya bakteria huyu yalichapishwa. Zilionekana jeni 17 za "visu" vya kukatia klorini. Karibu kila moja ilikuwa jirani na jeni ya msimamizi wake, yaani ya kuamua kisu kitengenezwe au kisitengenezwe.

Mfikirieni msimamizi huyo kama karani wa stoo. Kutengeneza kisu kunakula nguvu, na bakteria hana nguvu za kuchezea. Kwa hiyo karani hafungui stoo mpaka kazi ifike.

Jambo hili lilichunguzwa vizuri katika bakteria mwingine, Desulfitobacterium. Karani wake anaitwa CprK. Sumu fulani yenye klorini ikiingia, humshika karani huyo. Akishikwa, hubadilika umbo, huenda akashika mahali maalumu kwenye maagizo, na kisu huanza kutengenezwa. Klorini ikisha kukatwa, mabaki hayamshiki barabara. Karani huachia, na kazi husimama. Wako makarani wengine wanaofanya kinyume: hukaa juu ya jeni kuifunga, na kazi ikifika huondoka.

Tena si kila sumu inayofungua kila stoo. Kuwamo kwa bakteria kwenye tope hakutoshi. Lazima awe wa aina inayofaa, na stoo yake iwe imefunguliwa na sumu ile iliyomwagwa.

Nne, kazi iliyoachwa njiani

Bakteria huyu wa Ithaca hafanyi kazi peke yake. Anahitaji haidrojeni na vitamini B12, na kwa kawaida huvipata kwa bakteria wengine waishio naye. Wenzake wakikosekana, kazi hulegea. Hewa ikiingia, kazi hukatika. Mtaro wenye maji yanayokimbia una hewa. Hapo si mahali pake.

Hatari kubwa ni kazi kusimama katikati. Klorini tatu zikikatwa na moja ikabaki, kinachopatikana ni vinili kloridi, nayo ni mbaya kuliko sumu ya mwanzo. Mwaka 1974 ilijulikana kwamba wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha plastiki mjini Louisville, Marekani, walikufa kwa saratani ya ini iliyo adimu sana. Walikuwa wakifanya kazi na vinili kloridi hiyo hiyo.

Ni kweli kwamba katika nchi nyingine wahandisi huwatumia bakteria hawa kusafisha ardhi. Lakini wao huchimba visima, huwalisha bakteria, na hupima maji mara kwa mara mpaka ethilini ionekane. Hiyo ni kazi ya mpango. Kumwaga na kuondoka si mpango.

Tano, tufanye nini?

Maji ya viwanda vya Nakawa, hapa chini yetu, huelekea kinamasi cha Kinawataka, kisha Ghuba ya Murchison katika Ziwa Viktoria. Katika ghuba hiyo hiyo, pale Ggaba, ndipo inapovutwa sehemu ya maji ya bomba ya Kampala. Anayemwaga asubuhi aweza kuyanywa jioni pamoja na watoto wake.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi na kuwaeleza hatari za kazi yao. Basi, ndugu, tusiseme maneno matupu. Someni jina lililoandikwa kwenye pipa. Andikeni siku na mahali lilipomwagwa. Leteni habari tawini, twende kwa mwajiri pamoja. Na akiwaambia kinamasi kitakula, mwulizeni: nani amepima?

Maswali ya kujadiliana

1. Kazini kwenu ni dawa zipi zenye klorini?
2. Zikisha kutumika, huenda wapi?
3. Kwa nini sumu iliyokatwa nusu yaweza kuwa mbaya kuliko sumu nzima?