Machujio mawili ya hewa katika gari lako, na jinsi ya kuyabadilisha nyumbani

Wakazi wengi wa Kitisuru hupeleka gari gereji kila kilomita 5,000 bila kujua kwamba lina machujio mawili ya hewa. La kwanza liko chini ya boneti. Husafisha hewa inayoingia kwenye injini, na mafundi wa Nairobi huliita ea klina. La pili limejificha nyuma ya dashibodi, upande wa abiria. Kazi yake ni kusafisha hewa ambayo wewe na watoto wako mnaivuta mkiwa ndani. Hili la pili ndilo husahaulika. Gari likinunuliwa likiwa limetumika Japani, si ajabu chujio hilo likawa halijaguswa tangu gari litue bandarini Mombasa.

Kwa magari mengi ya kawaida, kuyabadilisha yote mawili ni kazi ya nusu saa. Unahitaji bisibisi, kitambaa kikavu na tochi ya simu.

Kwa nini tusingoje kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu

Vitabu vya watengenezaji hutaja muda mrefu, lakini vingi huongeza kwamba penye vumbi muda huo ufupishwe. Udongo wetu ni mwekundu na mwepesi kupeperuka. Wakati wa kiangazi, hasa Januari na Februari, malori ya mawe na mchanga yanayokwenda kwenye ujenzi huutimua hadi majani ya ua yanabadilika rangi. Gari hilohilo asubuhi huwa kwenye foleni ya Lower Kabete Road au Waiyaki Way, likivuta moshi wa lori la dizeli lililo mbele yake. Kwa hali hii, kagua machujio kila unapobadilisha oili, badala ya kusubiri kitabu kiseme.

Injini hula hewa nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Ili kuunguza lita moja ya petroli, inahitaji takriban lita 10,000 za hewa. Chembe za mchanga zikipita humo, husugua silinda na ringi za pistoni kidogo kidogo hadi injini inaanza kunywa oili na kutoa moshi wa samawati. Hapo hakuna chujio litakalokuokoa. Utaambiwa uanze kuchangia injini nyingine.

Kuna imani kwamba chujio chafu hula petroli. Kwa magari ya zamani yenye kabureta ni kweli. Kwa magari ya sasa yanayoongozwa na kompyuta, utafiti wa maabara ya Oak Ridge ya Marekani wa 2009 ulionyesha kwamba matumizi ya petroli hayabadiliki sana. Kinachopungua ni nguvu ya gari kuchomoka. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa yake tayari ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo upungufu huo utauona ukipanda mlima.

Chujio la injini

Zima gari, toa ufunguo, uache injini ipoe. Usifanye kazi hii gari likinguruma ndani ya gereji iliyofungwa. Moshi wake huua bila harufu ya kukuonya. Fungua boneti utafute boksi jeusi la plastiki lililounganishwa na paipu nene. Katika baadhi ya magari madogo, boksi hilo limekaa juu ya injini yenyewe. Fungua klipu au skrubu zake, kisha inua kifuniko polepole. Mara nyingi kifuniko kimeshikana na paipu na waya wa sensa, kwa hiyo usikivute kwa nguvu wala usiguse sensa hiyo.

Toa chujio ulimulike kwa tochi kutoka nyuma. Mwanga usipopenya kati ya mikunjo, wakati wake umekwisha. Likiwa limelowa oili, mwone fundi, maana tatizo liko kwingine. Na usishangae ukikuta maganda na nyasi: katika mitaa yenye miti kama yetu, panya hupenda kujenga humo.

Pangusa sehemu ya chini ya boksi kwa kitambaa, ukihakikisha uchafu hauangukii kwenye paipu inayoelekea injini. Kisha weka chujio jipya, na hapa ndipo usiwe na haraka. Ukingo wake wa mpira lazima ukae kwenye mfereji wake pande zote nne. Chujio jipya lililokaa upande ni baya kuliko la zamani lililokaa sawa, kwa sababu hewa hupita penye mwanya ikiwa na vumbi lake lote. Kama klipu inakataa kufunga, usiilazimishe, fungua tena.

Wapo wanaopuliza chujio la karatasi kwa kompresa ya kituo cha petroli na kulirudisha. Presha hiyo huweza kutoboa karatasi mahali usipoona. Tunashauri ununue jipya. Kuliosha kwa maji ndiyo kabisa usijaribu, isipokuwa liwe ni lile lililotengenezwa la kuoshwa.

Chujio la ndani

Toa vitu vyote kwenye kijisanduku kilicho mbele ya abiria. Kwenye magari mengi ya Kijapani, ukibana kuta zake mbili kuelekea ndani, kijisanduku hushuka. Angalia kama kuna kijiti upande mmoja kinachokishikilia, ukichomoe taratibu. Nyuma yake utaona kifuniko chembamba cha plastiki. Kibonyeze pembeni, uvute chujio. Vaa barakoa, kwa kuwa vumbi litakalomwagika ni lile ulilokuwa ukilivuta. Katika msimu wa mijakaranda utakuta pia majani na maua yaliyoingia kupitia matundu ya chini ya kioo cha mbele. Matundu hayo yasafishe pia. Baadhi ya magari, hasa ya zamani, hayakuwekewa chujio hili. Ukikuta nafasi tupu, muulize muuza spea kama lipo linaloingia.

Mshale kwenye chujio jipya huwachanganya wengi. Ukiwa na neno UP, maana yake ni upande huo ukae juu. Ukiwa ni mshale wa hewa, ufuate hewa inakoelekea. Ukitilia shaka, tazama la zamani: upande wenye majani ndio hewa inakoingilia.

Chujio la kawaida huzuia vumbi na masizi mengi, lakini halizuii gesi. Lenye mkaa ndani hupunguza harufu, na kwa nyumba yenye mtoto mwenye pumu tofauti ya bei inafaa kulipwa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango kinachokubalika cha chembe ndogo zaidi za vumbi hewani kwa nusu, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita moja ya ujazo kwa wastani wa mwaka.

Unapokwenda Kirinyaga Road kununua, beba lile la zamani ulinganishe urefu, upana na kimo. Kwenye bidhaa ghushi, mikunjo hukaa mbalimbali bila mpangilio, na mpira huwa mgumu, haubonyei ukiubana kwa kidole.

Andika tarehe na kilomita kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya boksi. Chujio la zamani litie kwenye mfuko uliofungwa kabla ya kulitupa na takataka zisizooza. Usilikung'ute getini, mahali askari wako hushinda kutwa.