Michezo ya Video: Mchezo Hufuata Biashara Yake

Mama mmoja alituletea suala baada ya darasa la alasiri, nasi twaona suala lake lawafaa wazee wote wa mji. Mwanawe ni kijana wa miaka 13, mtiifu, asiyekosa chuoni. Siku moja mama alitaka kulipia unga dukani, akaikuta simu yake haina kitu. Alipochunguza akaona ya kuwa kijana ametumia shilingi 4,000 katika mchezo wa video, kidogo kidogo, kwa kununua visanduku vilivyofungwa. Ndani ya kisanduku huenda mkatoka silaha adimu ya kuchezea, na huenda pasitoke kitu cha maana. Mama akatuuliza: "Sheikh, mwanangu ni mwizi, au ni mgonjwa, au ni sisi tuliomwacha?"

Hatukumjibu siku ile. Tuliona aibu kutoa hukumu juu ya kitu tusichokijua. Tukakaa na vijana wetu wanaoijua michezo hii, tukawataka watuonyeshe na kutueleza, na tukasoma khabari zake. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Watu wetu katika jambo hili wamekuwa mafungu mawili. Fungu moja lasema michezo ya video yote ni upotofu, na dawa yake ni kuvunja mashine. Fungu la pili lasema ni michezo ya watoto tu, afadhali mtoto awe nyumbani na PlayStation yake kuliko kuzurura njiani. Twaona mafungu yote mawili yamekosa kwa sababu moja: yaitazama mashine, wala hayautazami mchezo ulivyotungwa. Kila mchezo una mtungaji, na mtungaji ana tajiri wake, na tajiri ana njia yake ya kupata fedha. Ukiijua njia hiyo, umejua kwa nini mchezo uko hivyo ulivyo. Na njia hizo, kwa ufupi, ni tatu.

Njia ya kwanza: sarafu

Katika mwaka wa 1972 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa mchezo uitwao Pong. Ulikuwa ni vijiti viwili vyeupe na nukta moja ikirushwa huku na huku, mfano wa mpira wa meza. Mashine yake iliwekwa mahali pa watu wengi, na kila aliyetaka kucheza alitia sarafu. Katika mwaka wa 1978 Mjapani mmoja, Tomohiro Nishikado, alitunga Space Invaders, mchezo wa kupiga majeshi yanayoshuka kutoka juu. Kadiri unavyowapunguza maadui, waliobaki huenda mbio zaidi. Jambo hilo halikukusudiwa mwanzoni. Mashine ilikuwa dhaifu, na maadui walipopungua kazi yake ikawa nyepesi, wakaenda kasi. Mtungaji akaona limeongeza utamu, akaliacha.

Sasa fikiri, ewe msomaji: mwenye mashine ya sarafu apata faida lini? Apata faida mchezaji anaposhindwa haraka kisha akatamani kurudi. Basi michezo ya namna hii ilitungwa iwe migumu, na ugumu ukizidi kila dakika. Lakini ilikuwa na jambo moja la uwazi: mchezaji aliiona sarafu yake ikitoka mkononi, na mfuko ulipokwisha alikwenda zake.

Njia ya pili: kununua mara moja

Kisha mashine zikaingia majumbani. Kampuni ya Nintendo ya Kyoto, ambayo ilianzishwa mwaka wa 1889 kwa kutengeneza karata, ilitoa mashine yake ya nyumbani huko Japani mwaka wa 1983. Kampuni ya Sony ikatoa PlayStation mwaka wa 1994, na ile ya pili, iliyotoka mwaka wa 2000, iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Hapa mtu alinunua mchezo mzima kwa bei moja, akaenda nao kwake. Tajiri amekwisha kulipwa, hana haja ya kumshinda mtoto upesi. Haja yake ni mtoto aridhike, ili anunue mchezo mwingine na awasifie wenziwe.

Katika njia hii imetungwa michezo ambayo insafu yatulazimu kuisifu. Mathalan Super Mario Bros. wa mwaka 1985, uliotungwa na Shigeru Miyamoto na wenziwe. Mwanzo wake hauna maneno ya kumfundisha mchezaji. Mtu mdogo asimama upande wa kushoto, na mbele yake pako wazi. Basi mtoto ajua ya kuwa njia ni ya kulia. Akienda hatua chache, adui mmoja mdogo amjia polepole. Asiporuka, atakufa na kuanza tena, na khasara yake ni ndogo kwa kuwa ndiyo kwanza ameanza. Akiruka, amekwisha kujifunza jambo litakalomfaa mpaka mwisho. Sisi tunaofundisha twajua ugumu wa kazi hiyo: kumpa mwanafunzi somo moja kwa wakati mmoja, na kumwacha akosee pasipokuwa na madhara makubwa. Kadhalika mchezo wa Tetris, uliotungwa Moscow na Alexey Pajitnov, hauna damu wala matusi. Ni vipande vinavyoshuka na akili ya kuvipanga. Mwenye kusema michezo yote ni mamoja, huyo hakuitazama.

Njia ya tatu: bure

Njia ya tatu ndiyo iliyomfika mwana wa mama yetu. Mchezo hutolewa bure, kila mwenye simu auchukue, kisha ndani yake mna duka. Aliyetoa bure hapati kitu kwa mchezo kuwa mzuri tu, wala kwa mchezaji kuumaliza. Hupata mchezaji anaporudi kila siku, na anaponunua. Kwa hiyo michezo mingi ya namna hii haina mwisho. Kuna zawadi ya leo ambayo ukiikosa leo umeikosa. Kuna mavazi yatakayoondolewa dukani baada ya siku mbili. Na shilingi haitumiki ndani ya mchezo kama shilingi: kwanza hubadilishwa ikawa vito au sarafu za mchezo, ili mtoto asahau kuhisabu. Anayetoa vito 300 hahisi ametoa fedha ya unga.

Si michezo ya bure tu. Hata ile inayouzwa kwa bei kamili imeingiwa na duka. Katika michezo ya mpira ya kampuni ya EA kuna pakiti za wachezaji: mnunuzi hulipa bila ya kujua atampata nani. Na mchezo wao wa Star Wars Battlefront II, mwaka wa 2017, ulileta visanduku vya bahati vyenye kumpa mchezaji nguvu juu ya wenzake. Wachezaji wenyewe duniani walighadhibika, hata kampuni ikasimamisha uuzaji ndani ya mchezo kabla haujatoka rasmi. Yafaa tulizingatie hilo: waliosimama wa kwanza kuipinga khadaa hii walikuwa wachezaji, tena vijana, wala si sisi wazee.

Kwa nini kisanduku hushika moyo

Mtaalamu wa Marekani, B. F. Skinner, alifanya majaribio kwa njiwa. Njiwa hudonoa kitufe, akapata chakula. Ilionekana ya kuwa njiwa apewaye chakula baada ya idadi ya madonoo isiyojulikana, mara machache mara mengi, hudonoa kwa bidii na bila ya kupumzika. Kutojua ni lini ndiko kumfungako. Kisanduku cha bahati kimejengwa juu ya msingi huo huo.

Na tufanye hesabu kidogo. Tuseme kitu unachokitaka hutoka mara moja katika visanduku 100. Mtoto hudhani akinunua visanduku 100 hakosi kukipata. Sivyo. Kila kisanduku ni bahati mpya, hakikumbuki kilichotangulia. Katika kila watu 100 watakaonunua visanduku 100 kila mmoja, watu kama 37 wataondoka bila ya kukipata. Hesabu hii mfundishe mwanao. Itamzuia kuliko fimbo.

Lilinganishe hilo na bao letu. Kete zote 64 zi mbele ya macho ya wachezaji wawili, hapana iliyofichwa, na aliyeshindwa ameshindwa kwa akili ya mwenziwe. Kisanduku hakishindani nawe kwa akili. Kinakungojea tu.

Je, ni kamari?

Nchi zimekhitilafiana. Ubelgiji, mwaka wa 2018, wasimamizi wa michezo ya kamari walisema visanduku vinavyouzwa kwa fedha katika baadhi ya michezo ni kamari, na EA ikaacha kuuza sarafu za mchezo wake wa mpira katika nchi hiyo mwaka wa 2019. Uholanzi kampuni hiyo ilitozwa faini ya yuro milioni 10, lakini mahakama ya juu ikaifuta mwaka wa 2022, ikiona ya kuwa pakiti si mchezo wa bahati uliosimama peke yake. Tumeyataja yote mawili kwa uadilifu.

Ama sisi twasema: sharia za nchi hutazama leseni, na mzazi hutazama jambo lenyewe. Mtu akitoa mali yake, asijue atapata nini, akiwa baina ya kupata na kukosa, na aliyemuuzia akiwa ndiye mwenye faida kila hali, sura hiyo ni sura ya kamari ijapokuwa imepambwa kwa rangi za watoto. Twaona wajibu kujiepusha nayo.

Na hapa tuwanasihi vijana wanaokwenda katika vyumba vya mitaani kucheza PlayStation kwa malipo. Tumeambiwa ya kuwa baadhi yao huwekeana sharti, aliyeshindwa ndiye alipiaye mechi ya wote wawili, na wengine huweka fedha kabisa, mshindi akachukua. Hili la pili ni kamari bila ya shaka, na lile la kwanza ni mlango wake. Dawa yake ni nyepesi: kila mmoja alipe nusu yake, kisha mcheze.

Jawabu la mama

Sasa turudi kwa mama yetu. Je, mwanawe ni mwizi? Amechukua mali ya mamake bila ya idhini, na hilo ni kosa. Aambiwe hivyo waziwazi, na ailipe kwa kazi za nyumbani mpaka ajue uzito wa shilingi 4,000. Lakini asiitwe mwizi mbele za watu. Watu wazima wenye elimu walikaa wakafikiri namna ya kuipata fedha hiyo, naye ana miaka 13.

Je, ni mgonjwa? Shirika la Afya Duniani limeingiza maradhi ya michezo ya video katika orodha yake, ambayo imeanza kutumika mwaka wa 2022. Lakini limeweka masharti: mtu ashindwe kujizuia, autangulize mchezo mbele ya mambo yake mengine, na aendelee ijapokuwa aona madhara, na hayo aghlabu yaonekane kwa muda wa miezi 12. Kijana aendaye chuoni, ale na kulala kwa wakati wake, si mgonjwa. Tusimpe jina la maradhi kwa hasira zetu.

Je, ni sisi tuliomwacha? Tulimjibu kwa upole: ndiyo, kwa sehemu. Tulimpa simu yenye fedha, na nambari ya siri akaijua, wala hatukumuuliza anacheza nini.

Basi kabla ya kumruhusu mwanao mchezo wowote, uliza mambo manne. Kwanza, mchezo huu wauzwaje: mara moja, au kila siku? Pili, ndani yake mna kitu kinachouzwa kimefungwa? Tatu, una mwisho? Nne, anacheza na nani. Ni jamaa na rafiki zake, au ni watu wasiojulikana? Majawabu mabaya yakizidi, uzuie, na umweleze sababu. Majawabu yakiwa mema, mwache acheze kwa kiasi, na ukiweza kaa naye mara moja moja.

Na neno la mwisho, tulilofundishwa na kijana mmoja wa darasa letu. Mechi inayochezwa na wenzake kwa mtandao haiwezi kusimamishwa katikati. Ukimwita mtoto kwa ghafula, wamlazimisha ama akuasi wewe, ama awaharibie wenziwe. Basi mwambie kabla hajaanza: "Mwanangu, cheza mechi moja, adhana imekaribia." Ataitikia, na utamkuta msikitini kabla yako. Sisi tulikuwa tukipiga kelele mlangoni na kumwona mtoto ni mkaidi, kumbe hatukuijua saa ya mchezo wake.

Mama alikwenda zake ameridhika. Juma la pili alikuja na mwanawe, akakaa safu ya mbele, naye ndiye aliyetusahihishia hesabu ya visanduku ubaoni.

Wa billahi tawfiq.