Breki za Pikipiki: Tuanzie Wapi Kuziboresha?



Vijana wengi wa steji za bodaboda hutamani pikipiki zao zifanane na zile za mashindano, na jambo la kwanza wanalolifikiria ni kung'oa breki za dramu na kufunga za diski. Nia hiyo ni njema, kwani breki ni uhai. Hata hivyo, kazi hiyo ina utaratibu wake, na anayeuruka hujinunulia ajali kwa fedha zake mwenyewe.

Diski si uvumbuzi wa jana. Mwingereza Frederick Lanchester aliisajili mwaka 1902, na mwaka 1969 Honda iliiweka kwenye gurudumu la mbele la CB750. Diski iko wazi kwa upepo, hivyo hupoa upesi. Dramu hufungia joto ndani, na katika mteremko mrefu nguvu zake hupungua. Lakini breki huzuia gurudumu tu. Kinachoishika ardhi ni tairi. Ukifunga diski kali juu ya tairi lililokwisha meno, kisha ukaibana ghafla kwenye changarawe ya Nakivale, gurudumu litaacha kuzunguka, nayo pikipiki italala chini pamoja na abiria wako.

Hesabu ya umbali

Kwenye lami kavu, pikipiki yenye breki nzuri ikiwa na mwendo wa kilomita 30 kwa saa huhitaji takriban mita 6 kusimama. Kwa kilomita 60 huhitaji takriban mita 23: mwendo umeongezeka mara mbili, umbali mara nne. Tena, sekunde moja ya kushtuka kabla ya kubana hula mita 17 nyingine. Hakuna kipuri kinachoweza kufuta hesabu hii. Mkungu wa ndizi au abiria wa pili, ambaye sheria haimruhusu, huzidisha mzigo ambao breki inapaswa kuuzuia.

Utaratibu wa kuboresha

Kwanza, tairi. Liwe na meno na upepo wa kutosha.

Pili, itunze dramu uliyo nayo. Pikipiki nyingi zina mshale karibu na mkono wa dramu. Ukibana breki na mshale ukafikia alama ya mwisho, viatu vya breki vimekwisha. Badilisha waya ulioanza kukatika nyuzi. Ukivuka maji, bana breki taratibu mara kadhaa ili zikauke. Usipulize vumbi la dramu kwa mdomo, kwa maana huenda lina asbestosi, nayo hudhuru mapafu.

Tatu, ndipo diski. Usikubali kishikio chake kichomelewe kwenye shoki za mbele. Shoki, kitovu cha gurudumu na pampu sharti viwe vimetengenezwa kufanya kazi pamoja. Tia mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye mfuniko, DOT 3 au DOT 4, na uyabadilishe takriban kila miaka miwili, kwa kuwa hunyonya unyevu. Mafuta ya injini huharibu mipira ya pampu.

Nne, jizoeze. Unapobana, uzito huhamia mbele. Kwa hiyo breki ya mbele ndiyo ifanyayo kazi kubwa. Tumia zote mbili, ukiongeza nguvu hatua kwa hatua.

Risiti ni ushahidi

Kipuri cha bei ya kutupa kinaweza kuwa kimeng'olewa kwenye pikipiki ya jirani yako, upande huu wa mpaka au ule. Dai risiti na uihifadhi. Asiye na risiti atapata taabu kueleza alikokipata.

Maswali ya kujadili stejini

1. Ni pikipiki ngapi hapa zenye tairi lililokwisha meno?
2. Nani kati yetu haitumii breki ya mbele, na kwa nini?
3. Abiria akiona breki hazishiki, je, tumempa uhuru wa kushuka bila kutukanwa?