Mume bado mgonjwa, nishuhudie amepona?

Barua imetoka Morogoro, imetiwa saini "Aliyechoka". Aliyeiandika ni mama wa watoto watatu. Mumewe figo zimefeli, na sasa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Kikundi cha maombi kimempangia mama huyo kusimama kanisani Jumapili ijayo ashuhudie kwamba mume ameshapona, eti huko ndiko kukiri kwa imani. Mtumishi mmoja ameongeza la kwake: mgonjwa asiende kliniki wiki nzima, ili Mungu aonekane. Mama mwenyewe anasema usiku haombi tena, analalamika tu. Anauliza kama imani yake imekufa.

La kliniki lisisubiri hata kesho. Figo zikishindwa kazi, maji na potasiamu hubaki mwilini. Maji huweza kujaa kwenye mapafu, potasiamu nayo huweza kusimamisha moyo. Wiki nzima bila mashine inaweza kuua, na anayetoa maagizo ya namna hiyo kwa kawaida haonekani wodini saa nane za usiku. Mume aende kama daktari alivyopanga.

Kushuhudia nako akatae. Kumtangaza mzima mtu ambaye kesho yake atalazwa tena kando ya mashine ni uongo, hata ukisemwa madhabahuni kwa machozi. Paulo, ambaye hakuna mlokole atakayemwita mwenye imani haba, alimwandikia Timotheo bila aibu kwamba Trofimo amemwacha Mileto akiwa mgonjwa. Hakumtafutia Trofimo dhambi ya siri. Yeye mwenyewe aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, na mwiba ukabaki.

Yabaki malalamiko ya usiku, na hapo ndipo mama huyu ameonewa zaidi. Marafiki watatu wa Ayubu walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno, na hiyo ndiyo kazi njema pekee waliyoifanya. Walipofungua vinywa wakaanza kumsaka kosa. Kitabu kinapokaribia kwisha, Mungu anawakasirikia wao waliojifanya mawakili wake, na kusema aliyenena sawa ni Ayubu. Ayubu yuleyule aliyeilaani siku ya kuzaliwa kwake na kumdai Mungu majibu. Zaburi ya 88 inakwenda mbali zaidi. Inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila sifa za kufungia, na waliozikusanya Zaburi hawakuiondoa. Imo katika Biblia ileile anayoikumbatia mtumishi wa Morogoro.

Si mambo ya kale tu. Barua za Mama Teresa wa Calcutta zilizochapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, zilionyesha kuwa kwa miongo kadhaa aliomba bila kuhisi kwamba Mungu yuko karibu. Wagonjwa aliendelea kuwahudumia. Kanisa Katoliki lilizijua barua hizo, na bado likamtangaza mtakatifu mwaka 2016.

Mama wa Morogoro, kwa hiyo, aendelee kulalamika kwa Mungu yuleyule anayemlalamikia. Asilazimishe shukrani asizokuwa nazo.

Kabla ya Jumapili amwone mchungaji faragha, amweleze kuwa hatashuhudia, ila analiomba kanisa limwombee mume ambaye bado anaumwa. Wanakikundi wapewe kazi ya mikono. Kusafishwa damu mara moja huchukua kama saa nne: mmoja amsindikize mgonjwa, mwingine awapokee watoto wakitoka shule, wa tatu apike. Atakayekuja na mahubiri badala ya sufuria apokewe kwa adabu, aagwe mapema.

Kama gharama zimeanza kuwalemea, mlango wa kuanzia ni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Aende na karatasi za kliniki, na kadi ya bima kama anayo.